Maji Tunayokunywa Pamoja na Mifugo Yetu

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Afya katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Katika taarifa ya Mweka Hazina mmesikia kwamba sehemu kubwa ya fedha za Chama mwaka huu imekwenda katika mazishi na katika kuwasaidia wagonjwa. Hatulalamiki kwa jambo hilo, maana kufaana wakati wa dhiki ndiyo kazi iliyotufanya tuwe Chama. Lakini tulipoketi kuzitazama hati za misaada moja moja, tuliona neno ambalo hatukuweza kulinyamazia. Wengi wa waliosaidiwa walikuwa watoto wadogo, na maradhi yao mengi ni yale ambayo huingia mwilini kwa njia ya maji. Ndipo tulipoazimia kuyaleta mbele yenu, tuyazungumze kwa uwazi kama watu wa nyumba moja, kisha mtoe uamuzi.

Tuanze na nchi yetu. Mto Sio hushuka kwenye mashamba yetu, ukafuata mpaka na kuingia Ziwa Victoria karibu na Sio Port. Mto Malaba hutoka upande wa Mlima Elgon, ukawa mpaka kati yetu na ndugu zetu wa Uganda, kisha ukashika njia yake kuelekea Ziwa Kyoga. Kati ya mito hiyo miwili kuna vijito, mabwawa na chemchemi nyingi, na hapana chemchemi isiyo na njia ya ng'ombe kando ya njia ya wachotaji. Hapa mtu na mnyama hunywa mahali pamoja. Wakhayo, Wasamia, Wamarachi, Wanyala na Wateso, sote tumelelewa hivyo.

Tena sisi ni watu wa mpakani. Neno boda boda, ambalo leo latumika katika Afrika Mashariki yote, lilizaliwa hapa petu, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili katika miaka ya 1960. Malori husimama foleni Malaba, mbuzi na nguruwe huvuka, na watu huvuka kwenda sokoni na kwenye harusi. Mwanadamu akifika mpakani huulizwa hati. Maji hayaulizwi, wala mnyoo ulio ndani ya maji hauulizwi.

Sasa yafaa tuyaeleze maradhi yenyewe, kwa kuwa watu wengi huyachanganya, na asiyemjua adui yake hawezi kumpiga.

La kwanza ni kichocho. Sote twalijua jina lake, hasa ndugu zetu wa Port Victoria, Sio Port na Budalangi, ambako kichocho cha tumbo kimekaa na wavuvi kwa miaka mingi. Mtu mwenye ugonjwa akienda haja kubwa kando ya maji, mayai ya mnyoo huanguliwa na kuwa vijidudu vinavyomtafuta konokono wa majini. Ndani ya konokono huyo huzaana kwa muda wa wiki kadhaa. Kisha hutoka kwa maelfu wakati wa mchana, vikaogelea, na vikikuta ngozi ya mtu vikapenya bila yeye kuhisi chochote isipokuwa pengine mwasho mdogo. Kwa hiyo kichocho hakihitaji kunywewa. Anayevua, anayefua, anayechota na mtoto anayeoga, wote hukipata kwa miguu na mikono yao.

Watu huuliza kama kichocho hiki chatokana na ng'ombe. Jibu la kweli ni kwamba kichocho cha tumbo kwa kawaida hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kupitia konokono, ingawa panya wa porini na nyani wamekutwa nacho. Ng'ombe wana kichocho chao, na wana pia minyoo ya ini, ile ambayo mchinjaji huikuta bapa kama jani mle ndani ya ini akalitupa kando. Lakini minyoo hiyo yote hupitia kwa konokono wa maji baridi. Bwawa linalomkondesha ng'ombe ndilo bwawa linalomkondesha mtoto. Huko Uchina na Ufilipino kichocho cha nchi hizo hushirikiwa na watu na nyati wa majini waziwazi, hata serikali ya Uchina ililazimika kuwatibu wanyama ili watu wapone. Na huko Afrika Magharibi wataalamu wamekuta kichocho cha watu na kichocho cha ng'ombe vikichanganya uzao. Basi asije mtu akasema kwamba jambo la ng'ombe ni la ng'ombe tu.

La pili ni tegu la nguruwe, na hapa twaomba mtusikilize kwa utulivu, kwa sababu limeleta fitina katika nyumba nyingi. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye punje nyeupe, na nyama hiyo haikuiva, tegu hukua tumboni mwake. Yeye mwenyewe huenda asiugue sana. Lakini kila aendapo haja hutoa mayai. Nguruwe akila kinyesi hicho, punje hujaa katika nyama yake. Na mtu akiyameza mayai hayo, katika maji, katika mboga isiyooshwa au kwa mikono michafu, punje hizo huweza kukaa katika mwili wake mwenyewe, hata katika ubongo. Hapo ndipo kifafa huanza.

Tazameni neno hili vizuri. Kifafa cha namna hii hakiletwi na kula nguruwe. Huletwa na kumeza mayai yaliyotoka katika choo cha binadamu mwenye tegu. Mtu asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote, kwa sababu ya dini yake au kwa kutoipenda, aweza kupata kifafa kwa sababu jirani yake hana choo. Si kila kifafa chatokana na tegu, la. Sababu zake ni nyingi. Lakini hakuna kifafa kinachoambukizwa kwa mate wala kwa kumshika mgonjwa. Twasema hivi kwa uchungu, maana kuna watoto katika vijiji vyetu walioungua motoni mbele ya watu wazima walioogopa kuwagusa. Hilo ni aibu yetu, wala si laana yao.

Kuhusu nguruwe wetu wanaozurura, hatusemi kwa kukisia. Watafiti waliokuwa hapa Busia waliwavisha nguruwe kumi vyombo vidogo vya kuonyesha walikokwenda, na habari zake zikachapishwa mwaka 2013. Nguruwe hao walitembea kwa wastani zaidi ya kilomita 4 kwa muda wa saa 12, na karibu nusu ya muda wao waliutumia nje ya boma la mwenyewe. Basi mwenye nguruwe asiseme kwamba nguruwe wake ni shauri lake. Kwa nusu ya siku nguruwe huyo ni mgeni wetu sote.

La tatu ni kijidudu kidogo mno kiitwacho kriptosporidia. Huyu huwaharisha ndama katika wiki za kwanza za maisha yao, na aina moja yake huwaharisha watoto wetu vilevile. Mwaka 2013 zilitangazwa habari za utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, na kimoja cha vituo vyake kilikuwa Siaya, kwa jirani zetu. Ulionyesha kwamba kijidudu hiki ni kimojawapo cha visababishi vinne vikubwa vya kuhara kukali kwa watoto wadogo. Nasi twalaza ndama ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi, na mtoto atambaaye hutambaa pale pale alipolala ndama.

Ubaya wake ni kwamba dawa ya klorini haimwui. Katika mji wa Milwaukee huko Marekani, mwaka 1993, kijidudu hiki kilipita katika mitambo ya maji ya mji, maji yaliyotiwa klorini, na watu wapatao laki nne wakaugua. Ikiwa mji wa matajiri ulishindwa, sisi tusiitumainie dawa moja peke yake. Klorini ni njema sana kwa kipindupindu na homa ya matumbo, tuitumie bila kuchoka. Lakini kwa kriptosporidia na kwa mayai ya tegu, kinga ya nyumbani iliyo ya hakika ni maji yaliyochemka mpaka yakatokota.

La nne ni minyoo ya safura na jamaa zake. Hii kwa kawaida ni ya watu, haishirikiwi sana na ng'ombe, na hupenya zaidi katika udongo kuliko katika maji. Twaitaja kwa sababu chanzo chake ni kile kile, yaani kukosa choo, na kwa sababu ipo kwa wingi. Kati ya mwaka 2010 na 2012 wataalamu wa watu na wa mifugo walifanya kazi pamoja katika nchi yetu hii, wakaingia katika kaya zaidi ya 400, wakapima watu zaidi ya 2,000 pamoja na ng'ombe na wanyama wengine. Zaidi ya theluthi moja ya watu walikutwa na minyoo ya safura. Karibu theluthi moja walikutwa na amiba. Ndugu zangu, hao si watu wa mbali. Ni sisi.

Pengine mzee mmoja atauliza, je, haya yote yana dawa gani, na nani ameyajaribu? Twajibu kwamba nchi yetu ya Busia imejaribiwa mambo mengi, hata dunia imejifunza kwetu, na ni ajabu kwamba sisi wenyewe ndio tuliosahau somo.

Mwaka 1998 ilianza kazi ya kuwapa watoto dawa za minyoo katika shule 75 za Funyula na Budalangi. Shule ziligawanywa mafungu matatu, moja likaanza mapema, jingine likafuata, na la mwisho likasubiri, ili tofauti ionekane. Waliofanya hesabu, Michael Kremer na Edward Miguel, walieleza mwaka 2004 kwamba utoro shuleni ulipungua kwa robo katika shule zilizopewa dawa, na kwamba hata watoto wa jirani ambao hawakupewa dawa walinufaika, kwa kuwa minyoo ilipungua katika nchi. Wataalamu wengine walizipitia hesabu hizo upya mwaka 2015 na kubishana juu ya baadhi yake, kama ilivyo desturi ya wasomi. Lakini wale watoto waliendelea kufuatwa hata walipokuwa watu wazima, na mwaka 2021 ilitangazwa kwamba waliopata dawa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na mapato ya kila saa ya kazi yaliyozidi kwa asilimia 13. Bwana Kremer alipata Nishani ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na wenzake wawili. Baadhi ya watoto waliomeza vidonge vile wameketi katika mkutano huu, nao sasa wana watoto wao.

Halafu kulikuwa na kazi ya chemchemi. Chemchemi zipatazo 200 za nchi yetu ziliingizwa katika jaribio la kujengewa kinga, yaani jicho la maji hufunikwa kwa mawe, kokoto na saruji, maji yakatoka kwa bomba. Uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi ulipungua kwa theluthi mbili. Katika mitungi ya nyumbani ulipungua kwa robo tu, kwa maana maji huchafuka tena njiani na nyumbani. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa kadiri ya robo. Robo si ukamilifu, lakini mama aliyeacha kuzika hawezi kuiita haba.

Sasa yatupasa kusema habari ya aibu yetu sisi wenyewe.

Wanachama wengi wanaikumbuka chemchemi tuliyoijenga kwa michango na kwa mikono yetu. Tulinunua saruji, tukasomba mawe, tukachimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua, tukazungusha ua wa miti. Siku ya kuifungua tulichinja, tukaimba, wazee wakabariki. Lakini hatukufikiri neno moja: ng'ombe watakunywa wapi? Chini ya chemchemi tuliacha mahali patupu. Ulipofika mwezi wa Januari, vijito vikakauka, vijana wachungaji wakasimama na ng'ombe wenye kiu mbele ya ua wetu. Usiku mmoja ua ukavunjwa. Ng'ombe wakapanda juu ya kokoto, wakakanyaga, wakaharibu kifuniko, na maji yakawa matope na samadi.

Sisi tulifanya nini? Tuliwaita baba za vijana wale, tukawatoza faini mbele ya baraza. Tukarekebisha ua kidogo, ukavunjwa tena. Na mwezi uliofuata kuhara kuliingia katika boma tatu zilizokuwa zikichota pale, tukamzika mtoto wa miaka miwili. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba maji yale ndiyo yaliyomwua, kwa sababu hakupimwa. Lakini tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini tulipita kando ya chemchemi, tukaona kwato zimejaa maji pale pale penye bomba, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno.

Leo twasema. Kosa halikuwa la wachungaji. Kosa lilikuwa la Halmashauri hii. Mwenye ng'ombe mwenye kiu hawezi kuzuiwa kwa ua wa miti. Huzuiwa kwa kupewa maji mengine. Tungalijenga birika la kunyweshea mifugo hatua hamsini chini ya chemchemi, likajazwa na maji yale yale yanayomwagika bure kutoka kwa bomba, ua ungalisimama hata leo. Tulijenga kwa ajili ya watu na kuwasahau wanyama, nao wanyama wakatukumbusha.

Tunajua pia maneno yanayosemwa na baadhi ya wazee, nayo si ya kudharauliwa. Wasema kwamba baba zetu walikunywa na ng'ombe mahali pamoja na wakaishi miaka mingi. Ni kweli kwamba wengine waliishi. Lakini boma zilikuwa chache na maji yalikuwa mengi. Leo watu wamejaa, mashamba yamekatwa vipande, na chemchemi iliyokuwa ya boma tano sasa ni ya boma sitini. Tena wale waliokufa wakiwa wachanga hawakubaki kutusimulia.

Wengine wasema kwamba Serikali ndiyo yenye wajibu. Nasi twakubali kwamba afya tangu mwaka 2013 ni kazi ya Serikali ya Kaunti, na kwamba dawa za minyoo shuleni ni mpango wa taifa. Tuendelee kuidai Serikali haki yetu. Lakini hakuna Bwana Afya awezaye kusimama kila usiku penye chemchemi, wala Bwana Mifugo awezaye kumfunga kila nguruwe.

Na wengine, ambao ndio wengi, wasema kwamba jambo hili haliwezekani, kwamba maradhi ya maji hayaishi. Kwa hao tuna mfano mmoja, nao ni mnyoo wa Guinea.

Mnyoo huyu humpata mtu aliyekunywa maji ya bwawa yenye wadudu wadogo waliombeba. Baada ya mwaka hivi mnyoo hutoka kwa kutoboa ngozi, mara nyingi mguuni, kwa maumivu makali, na mgonjwa akitia mguu katika maji ili kupoza uchungu, mnyoo humwaga watoto wake mle na kazi huanza upya. Katikati ya miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba watu wapatao milioni tatu na nusu waliugua kila mwaka. Kwa ndugu zetu wa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wagonjwa walihesabiwa zaidi ya laki moja. Na ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya wala chanjo, hata leo.

Ulishindwaje basi? Watu walichuja maji kwa kitambaa. Walimzuia mgonjwa asiingie bwawani. Walichagua mtu mmoja katika kila kijiji awe mlinzi wa habari, kila mgonjwa akatajwa. Uganda ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa nchini mwaka 2003, ikapewa cheti cha kuwa huru mwaka 2009. Kenya ilipewa cheti chake mwaka 2018. Mwaka 2023 dunia nzima ilikuwa na wagonjwa 14 tu. Na pale kazi ilipokwama, huko Chad, ilikwama kwa sababu ya wanyama, kwa kuwa mbwa walikutwa na mnyoo ule ule, tangu mwaka 2012. Nao wanavijiji wakaanza kuwafunga mbwa na kuzika matumbo ya samaki ili mbwa wasiyale. Hivyo mkulima asiyejua kusoma, kwa kitambaa na kamba ya mbwa, amefanya kazi ambayo hospitali haikuweza kuifanya.

Bwana Mwenyekiti, tumefika mahali pa mapendekezo. Twayaleta matano, na tunaomba yapigiwe kura moja moja.

Kwanza, kila chemchemi ambayo Chama kitasaidia kuijenga, isijengwe bila vitu vitatu pamoja: kifuniko chenye bomba, ua, na birika la mifugo lililo chini yake na lenye njia yake. Kikikosekana kimoja, fedha zisitolewe. Samadi na vyoo viwe chini ya chemchemi wala si juu yake, tena mbali, si chini ya mita 30. Wenye ng'ombe wapewe viti katika kamati ya kila chemchemi, maana asiyeshirikishwa katika kujenga hatashiriki katika kulinda.

Pili, kila mwanachama awe na choo cha shimo chenye kifuniko kabla ya mvua za masika, na kila mwenye nguruwe amfunge au amjengee banda. Asiyekuwa na nguvu, mjane au mzee aliye peke yake, vijana wa Chama wamchimbie. Nyama ya nguruwe inunuliwe kwa mchinjaji ambaye nyama yake imepigwa muhuri wa mkaguzi, na ipikwe mpaka ndani isiwe nyekundu.

Tatu, tumwombe Bwana Afya na Bwana Mifugo waje siku moja, mahali pamoja, mara mbili kwa mwaka. Mpaka sasa mmoja huja kwa watoto na mwingine huja kwa ng'ombe, na hawajuani. Yule wa kwanza atibu minyoo ya watu, wa pili atibu minyoo ya ini ya ng'ombe na punje za nguruwe. Lakini mtu yeyote mwenye kifafa asinunue dawa ya tegu dukani akajitibu mwenyewe, kwa kuwa dawa ikiziua punje za ubongoni huweza kuleta degedege kali. Huyo aende kwa daktari, na nauli yake iwe juu ya Chama.

Nne, Katibu awaandikie barua wazee wenzetu wa upande wa Uganda, wa Busia yao na Malaba yao, ili tukutane juu ya mabwawa na vivuko tunavyotumia pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukisafisha ukingo mmoja wa mto, tumesafisha nusu ya kazi na hasara yote imebaki.

Tano, na hili ndilo zito. Twapendekeza kwamba fedha zilizowekwa kwa ajili ya paa la jumba la Chama zitumike mwaka huu kwa chemchemi tatu na mabirika yake, kuanzia na ile iliyotushinda. Tunajua jumba hili limengojewa miaka mingi, na kwamba wazee waliotoa shilingi zao za kwanza walitaka kuliona kabla ya kuondoka duniani. Hatulisemi jambo hili kwa wepesi. Lakini tumekutana chini ya mwembe huu mpaka leo na hakuna aliyekufa kwa kukosa paa. Pia twaomba faini tuliyowatoza baba za wachungaji irudishwe kwao mbele ya mkutano, kwa mkono wa Mwenyekiti, na waombwe radhi.

Wakati mapendekezo haya yakingoja kura, kuna mambo ambayo hayangoji mtu. Jioni hii kila mama aweza kuchemsha maji ya watoto. Aliye karibu na Ziwa aweza kuyaacha maji ya kuogea yatulie siku mbili katika pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, na vijidudu vya kichocho vitakufa vyenyewe. Aliyemshika ndama anayehara aweza kunawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Ndama aweza kujengewa kibanda kilichoshikamana na ukuta wa nyumba, mwizi asimpate na mtoto asilale naye. Haya hayahitaji azimio la Halmashauri.

Wazee wetu, ninyi mlitufundisha kwamba mgeni akifika hupewa maji kwanza, kabla hajaulizwa habari. Twataka maji hayo tuweze kumpa mgeni, na kumpa mtoto, bila hofu moyoni. Wachungaji wamesikia kwamba tutasema maneno haya leo, na baadhi yao wamesimama kule nyuma. Twaomba wasogee mbele, wakae pamoja nasi, ndipo kura ianze.